Mtoto wa meza, saraka au droo? Msamiati wa kabati la jikoni kati ya kamusi na karakana

"Hiyo bei ni ya bodi peke yake, mama. Hinji, hando na kaunta ni juu yako." Kauli ya aina hii husikika kila uchao katika karakana za Gikomba, kando ya Barabara ya Ngong, na popote pale mafundi wetu wa samani wanapopiga randa chini ya jua kali. Anayeitoa aghalabu hana nia ya kumhadaa mtu. Anayeisikia naye si kiziwi. Hata hivyo, wawili hao wakishaagana baada ya malipo ya kwanza, kila mmoja huondoka na kabati lake kichwani. La fundi ni sanduku tupu lililopigwa misumari. La mteja ni lile aliloliona pichani, lenye milango inayojifunga polepole na jiwe linalong'aa juu yake. Siku ya kuleta kazi nyumbani ndipo makabati hayo mawili hukutana, na ugomvi ukazuka.

Chanzo cha ugomvi huo mara nyingi ni neno. Chukua hilo hilo bodi. Katika Kiswahili cha Kenya neno hili limebeba mizigo miwili iliyotoka katika maneno mawili tofauti ya Kiingereza ambayo masikio yetu yameyaunganisha. Kuna bodi yenye maana ya ubao mpana wa kiwandani, na humo humo ikaingia bodi ya shule na ya wakurugenzi. Kisha kuna bodi yenye maana ya mwili au gamba la nje la kitu, kama tunavyosema bodi ya matatu. Fundi anayesema "bei ya bodi" anaweza kuwa anazungumzia mbao alizozinunua dukani kabla hazijakatwa, au gamba zima la kabati likiwa limeunganishwa bila milango. Tofauti ya maana hizo mbili ni maelfu ya shilingi.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma anazozilipia. Katiba iyo hiyo, katika Kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mtu akiviweka vifungu hivi viwili pamoja atauliza: je, Mkenya anaweza kuagiza kabati la jikoni kwa Kiswahili, sehemu moja baada ya nyingine, na akaeleweka? Jibu langu ni kwamba anaweza, tena kwa urahisi kuliko anavyodhani. Maneno yapo. Mengine yako kamusini yakisubiri kuamshwa, mengine yako karakanani yakisubiri kuheshimiwa.

Tuanze na jina lenyewe. Kabati ni mkopo kutoka Kiingereza, na huko kwao lilianza maisha likiwa ubao tu wa kuwekea vikombe, yaani meza iliyo wazi, kabla ya kuota mbavu na milango. Sisi tulilipokea likiwa limekwisha kufungwa pande zote. Wareno walikuwa wametangulia kutuachia meza na kasha. Neno jingine la Kireno likapitia Bara Hindi na kutufikia pwani likiwa almari, ambalo wazee wa mwambao bado hulitumia kwa kabati la nguo au vyombo. (Msomaji asilichanganye na almaria, nakshi ya uzi inayotiwa katika vazi. Wapo wanafunzi waliovika kanzu zao almari!)

Kisarufi, kabati limo katika ngeli ya LI-YA: kabati hili, makabati haya. Katika mazungumzo ya mjini limehamishiwa I-ZI, na watu husema "kabati hii imejaa" na "kabati hizi ni noma". Mimi si katika wale wanaomkatiza fundi ili kumsahihisha ngeli. Lakini katika maandishi LI-YA ina faida moja ambayo I-ZI haina: wingi wake huonekana kwenye nomino yenyewe. Ujumbe wa simu unaosema "kabati, futi sita" haukuambii kama ni kabati moja au ni safu ya makabati manne. "Makabati, futi sita" umekwisha kusema kitu.

Siku hizi limeingia pia neno kabineti, hasa kwa wauzaji wanaotaka kutofautisha makabati yanayojengewa ukutani na kabati la kusimama ambalo mtu anaweza kuhama nalo. Haja ya kutofautisha ni ya haki; mkopo wenyewe hauna ulazima. "Kabati la kujengea" linatosha. Isitoshe, kabineti tayari lina kazi nyingine katika vinywa vya wanasiasa, nako kuna kisa cha kufurahisha. Katika Kiingereza, jina hilo la baraza la mawaziri lilitokana na chumba kidogo cha ndani ambamo mtawala alijifungia na washauri wake. Kiswahili kilitumia neno baraza, ambalo asili yake ni ile benchi ya mawe iliyo nje ya nyumba ya pwani, mbele ya macho ya wapita njia. Lugha zote mbili ziliipa serikali jina kutoka katika sehemu ya nyumba, ila moja ilikwenda ndani na nyingine ikatoka nje. Waingereza na Wamarekani wana pia msemo wa "kabineti ya jikoni" kwa washauri wasio rasmi wa kiongozi, uliovuma Marekani enzi za Rais Andrew Jackson. Mfasiri wa habari akiukuta, tafadhali asituandikie kwamba rais alishauriana na kabati la jikoni. Aandike washauri wa siri, au wandani.

Na hilo jikoni pia si kiambishi cha hivi hivi. Jiko ni chombo cha kupikia, jikoni ni mahali. "Kabati la jiko" ni lile linalobeba jiko lenyewe la gesi. "Kabati la jikoni" ni lolote lililomo chumbani humo. Aliyepata jiko, yaani aliyeoa, ni habari nyingine.

Sasa tuingie kwenye kiwiliwili. Sanduku la kabati bila milango, watoto wala mapambo lina jina maalumu katika Kiingereza cha maseremala, jina ambalo pia humaanisha mwili wa mnyama aliyekufa. Nimewahi kuona likifasiriwa mzoga. Hapana. Mzoga una harufu, na hakuna anayetaka kuuhifadhia unga ndani yake. Kiswahili kina kiunzi, neno linalotaja umbo la msingi la kitu ambalo mengine yote hushikizwa kwalo. Kiunzi cha kabati kinaeleweka papo hapo, na kinamwondolea fundi ule utata wa bodi. Akisema "bei ya kiunzi", hakuna atakayefikiri kwamba milango imo.

Kiunzi kikishasimama, Kiswahili hakihitaji kukopa tena, kwa kuwa kina desturi ya kale ya kuvipa vifaa viungo vya mwili. Meza ina miguu, kiti kina mgongo na mikono, chupa ina shingo na mdomo, msumeno una meno. Kabati nalo lina mgongo, ule ubao mwembamba unaogusa ukuta. Lina mbavu mbili, kulia na kushoto. Lina uso, sehemu yote inayomtazama mpishi. Hata ile sehemu ya ubao inayochongwa nyembamba ili iingie katika tundu la ubao mwingine huitwa ulimi. Fundi wa Kenya anayesema "bak" na "saidi" ana maneno haya tangu utotoni. Hakuna aliyemwambia kwamba yanafaa kazini.

Sehemu moja ya mwili huo imewashinda wengi, nayo ni ile nafasi iliyo chini kabisa, iliyoingia ndani kidogo ili anayesimama mbele ya kaunta apate mahali pa kuweka vidole vya miguu. Kimo chake huwa kama sentimita 10. Asiyekuwa nayo jikoni mwake huigundua kwa kuumia mgongo, maana hulazimika kusimama mbali na kuinama. Mafundi wengi huiita skatingi, jina walilolitoa kwenye ule ubao unaozunguka sakafu ya chumba. Kwangu mimi neno kitako linatosha: kitako ni sehemu ambayo kitu hukalia. Katika nyumba nyingi za Kenya kitako cha makabati hujengwa kwa zege kabla ya seremala kufika, ili maji ya kudeki yasifikie mbao. Kwa hiyo lipo swali la kumwuliza fundi mapema: kitako ni cha zege au cha mbao, na ni kazi ya nani, yake au ya mwashi?

Mlango ndiyo sehemu iliyotajirika zaidi, na utajiri wake unatoka pwani. Watu waliochonga milango ya Lamu, Mombasa na Unguja hawakuacha kipande bila jina. Miti miwili iliyosimama kando kando ni miimo, umoja wake mwimo. Kilicho chini ni kizingiti. Nguzo inayosimama katikati, pale mbao mbili za mlango zinapokutana, ikaziba mwanya kati yake, ni mfaa, na mara nyingi ndiyo iliyotiwa nakshi nzuri kuliko zote. Sasa tazama kabati lako la jikoni lenye milango miwili inayofungukia kushoto na kulia. Kile kijiti kilichosimama katikati kikipokea milango yote miwili kina kazi ya mfaa. Fundi mwingi wa leo hukiondoa ili sufuria kubwa ipite, na mteja mwingi hulalamika baadaye kwamba mende wanaingia katikati ya milango. Hawa wawili wangeweza kujadiliana kwa sentensi moja: "Weka mfaa" au "Usiweke mfaa."

Neno jingine la kuokoa ni upapi, wingi wake papi. Ni ubao mwembamba mrefu, kama ule unaopigiliwa darini au unaofunika maungio. Mbao za kiwandani zikikatwa huacha ukingo mbaya unaoonyesha matabaka au vumbi la ndani, na fundi hulazimika kuuziba. Karakanani wanasema lipingi. Upapi unatosha, na tena unamwezesha mteja kuuliza swali lenye faida: papi za ukingoni ni za mti halisi, au ni utepe wa plastiki uliobandikwa kwa gundi? Huo utepe ndio hubanduka mwanzo, hasa karibu na sinki na juu ya birika.

Bawaba ni neno ambalo wanafunzi hulijua kwa ajili ya mtihani, kisha hulisahau. Lina mzizi mmoja na neno la Kiarabu la mlango, na ndicho kile chuma kinachouwezesha mlango kuzunguka. Wengi sasa husema hinji. Sina ugomvi na hinji, ila bawaba inapokea vivumishi vizuri zaidi. Kuna bawaba ya kawaida ya majani mawili ya chuma, inayoonekana kwa nje. Kuna bawaba ya kikombe, ile iliyojificha, ambayo kichwa chake cha mviringo huzamishwa katika tundu la milimita 35 lililotobolewa nyuma ya mlango. Na kuna bawaba ya kikombe yenye breki, inayouzuia mlango kugonga. Hii ya tatu ndiyo wauzaji huiita sofu-klozi, na ndiyo yenye bei ya kumshtua mtu. Ukiandika "hinji" tu, fundi ana haki ya kukuletea ya kwanza.

Na sasa yule mtoto. Kisanduku kinachovutwa nje na kusukumwa ndani kina majina matatu, na kila jina lina wafuasi wake. Mtoto wa meza ndiye mkongwe na ndiye mzuri kuliko wote. Kiswahili kinamwona kuwa kiumbe kidogo kinachotoka ndani ya kikubwa na kurudi. Kwa kuwa jina lake linamtaja meza, wengine huona haya kumtumia kwa kabati, lakini sioni kinachotuzuia kusema mtoto wa kabati. Ndivyo lugha ilivyofanya kwa mtoto wa jicho. Ugumu wake uko katika upatanisho. Je, "mtoto wa meza amekwama" au "umekwama"? Mimi hufuata A-WA, maana umbo la neno ni la A-WA na hata mwanasesere, ambaye hana roho, hupatanishwa hivyo. Watoto wa meza watatu wamekwama. Sikio huzoea.

Saraka ni jina la pili. Kamusi hulitoa kwa maana iyo hiyo, lakini limekuwa likizimika vinywani, na waliofasiri programu za kompyuta wamelikopa kwa mahali pa kupangia mafaili. Hilo halikuwa kosa, maana faili nazo huvutwa na kurudishwa. Ila kijana wa leo akisikia saraka hufikiria kompyuta kabla ya vijiko. La tatu ni droo, lililoshinda. Limo kamusini katika I-ZI, ingawa mitaani tunasikia madroo. Lina pacha wake wa viwanja vya michezo, droo ya kupanga timu, lakini muktadha huwatenganisha bila taabu. Kauli yangu ni kwamba droo limekwisha kuwa Kiswahili na tusipoteze wino kulifukuza. Mwalimu naye asimfutie alama mwanafunzi aliyeandika mtoto wa meza kwa kuwa tu yeye mwenyewe hakuwahi kulisikia.

Linaloleta hasara hapa ni kile kilicho chini ya droo. Droo ya bei nafuu huteleza juu ya ubao, mti kwa mti, na baada ya mvua mbili hufura na kukataa kutoka. Droo nzuri hukimbia juu ya vyuma viwili, kimoja kila ubavu. Mafundi huviita ranas. Mimi naviita reli, neno ambalo kila Mkenya analifahamu. Reli nazo zina aina mbili kuu: zile zinazoitoa droo nusu tu, na zile zinazoitoa yote mpaka unaona ukuta wa nyuma. Mpishi aliyewahi kutafuta kifungua kopo gizani nyuma ya droo ya nusu anajua kwa nini maneno haya matatu, "ya kutoka yote", yastahili kuandikwa kwenye karatasi.

Rafu ndilo jina la ubao wa kulala unaowekewa vitu ndani ya kabati. Limetoka Kiarabu na ni la siku nyingi. Tatizo lake ni pacha wake aliyetoka Kiingereza, ile rafu ya kucheza vibaya, na labda ndiyo sababu watu wamekimbilia shelfu. Mimi naibakiza rafu. Zipo rafu zilizopigwa misumari na zipo za kuhamishwa, zinazokalia vijiti vinavyochomekwa katika safu ya matundu ubavuni. Za pili humwezesha mtu kuweka chupa ndefu leo na vikombe kesho.

Lakini ingekuwa dhuluma kuzungumzia rafu kana kwamba vyombo vya Waswahili vilikuwa sakafuni kabla ya kabati kuletwa. Jikoni kulikuwa na susu, chombo cha kamba kilichoning'inizwa juu ili chakula kisifikiwe na panya wala siafu. Nje kulikuwa na kichanja cha miti cha kuanikia vyombo vilivyooshwa, na katika nyumba nyingi za mashambani bado kipo. Ndani ya nyumba za mawe za Lamu, ukuta wenyewe ulichongwa mashubaka madogo ya chokaa, safu juu ya safu, yaliyopangwa vyombo vya kauri na vitu vya thamani. Huko huitwa zidaka. Katika Kiswahili sanifu tungesema vidaka, umoja wake kidaka, maana Kiamu hutumia zi- pale ambapo sanifu hutumia vi-. Zidaka zilikuwa za fahari ya chumba cha ndani na hazikuwa za masufuria. Hata hivyo, wasanifu wa nyumba wanaopenda sana kuacha vishimo wazi ukutani kati ya makabati ya juu na ya chini, kwa ajili ya viungo na chumvi, wanajenga vidaka bila kujua. Waviite hivyo.

Kuhusu vishikio na vifungio nitakwenda mbio. Hando, kama linavyotamkwa na mafundi, lina mwenyewe: pwani, hando ni chombo kikubwa cha shaba cha kuchotea maji. Mpini ni wa jembe, shoka au kisu. Kipini kinaweza kuwa mpini mdogo, lakini pia hutiwa puani. Kwa kabati, kishikio ndilo jina salama. Kikiwa cha mviringo kama kichwa cha uyoga, naona kirungu kinakieleza vizuri. Kitasa ni kifungio kilichozamishwa katika mlango na kina ufunguo. Kufuli ni la kuning'inia na hubebeka. Komeo halina ufunguo, husukumwa tu. Mzazi mwenye mtoto mdogo na dawa ya kuua wadudu chini ya sinki anahitaji kuagiza kitasa, na asiridhike na kile kisumaku kinachoushikilia mlango usijifungue.

Juu ya makabati ya chini hulala kaunta. Ni mkopo tulioufahamu kwanza dukani na baa, na umehamia jikoni bila kuombwa hati. Kimo chake cha kawaida ni kama sentimita 90 kutoka sakafuni, na upana wake kama 60, ilhali makabati ya juu huwa na kina cha karibu nusu ya hapo ili yasimgonge mtu usoni. Jiwe linalopendwa siku hizi kwa kaunta lina jina la Kiswahili, itale, ingawa dukani utaeleweka haraka zaidi ukisema graniti. Pahala pa kuoshea vyombo ni karo, kwa mujibu wa kamusi na kwa mujibu wa majirani zetu wa Tanzania. Mkenya akisikia karo huingiza mkono mfukoni, kwa kuwa kwetu ni ada ya shule. Hapa nasalimu amri: sinki litumike, na tuwaachie wazazi karo yao.

Limebaki neno dogo lenye hasara kubwa kuliko yote: mbao. Ni wingi wa ubao. (Kwa vijana ni shilingi 20 pia, lakini hiyo tuiache.) Mteja akisema anataka kabati la mbao, anafikiria mti uliopasuliwa, mvule au mkangazi. Fundi akisema kabati ni la mbao, huenda anafikiria chochote kinachokatwa kwa msumeno: plaiwudi iliyobanwa kwa matabaka, au blokibodi yenye vipande vya miti katikati, au chipubodi na emdiefu zilizotengenezwa kwa chembechembe na nyuzi za mti zilizogandishwa kwa gundi. Hizi za mwisho hupakwa rangi zikapendeza kuliko mti wenyewe. Maji yakiingia ukingoni, hufura kama mkate uliotumbukizwa chaini na hazirudi tena. Hakuna ubaya katika kuzitumia kwenye makabati ya juu, mbali na maji. Chini ya sinki ni suala jingine. Kwa hiyo neno mbao lisiachwe peke yake kwenye makubaliano. Litajwe jina la ubao na unene wake kwa milimita.

Vivyo hivyo kwa futi. Makabati huuzwa kwa futi ya urefu wa ukuta, na palipo na safu mbili, ya juu na ya chini, kuna mafundi wanaohesabu safu zote mbili kuwa futi moja na kuna wanaozihesabu mbalimbali. Bei iliyoonekana ya chini kwa fundi mmoja hugeuka kuwa ya juu pale hesabu inapofanywa.

Mtu anayetaka kuandikiana na fundi wake anaweza kutumia maneno kama haya, na yote yanapita katika ujumbe mmoja wa simu: "Fundi, makabati ya chini futi 10 na ya juu futi 8, kila safu ipimwe peke yake. Kiunzi kiwe cha plaiwudi ya milimita 18, mgongo wa milimita 6. Milango minane, kila mmoja bawaba mbili za kikombe zenye breki, bila mfaa. Droo tatu za reli za chuma, za kutoka yote. Rafu za kuhamishwa. Papi za ukingoni ziwe za mti. Vishikio nitanunua mimi, kuvifunga ni kazi yako. Kitasa kimoja, mlango wa chini ya sinki. Kitako ni cha mwashi, kaunta haimo katika bei hii. Pesa ya ufundi na ya kusafirisha imo." Fundi akijibu "sawa boss", ujumbe huo uhifadhiwe. Akijibu kwa kuuliza bawaba yenye breki ni ipi, ajibiwe kwa picha, na kabla ya pesa ya kwanza kutumwa.